Mawe Niliyoyaosha kwa Sabuni

Mpendwa binti yangu Pina,

Jana mchana shangazi yako Restituta alinipigia simu nikiwa nimelala chali chini ya sinki la watu kule Matogoro, spana mkononi, maji yakinidondokea shingoni. Nilimwambia nitampigia nikimaliza. Akasema hapana, nimsikilize hapo hapo nilipo. Akanieleza kwamba vyuo viwili vimekuchagua, kimoja kwa masomo ya viumbe vya majini, kingine kwa ununuzi na ugavi, na kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha. Umemwambia utathibitisha ununuzi na ugavi. Alipokuuliza kulikoni, wakati hayo ya majini uliyaomba mwenyewe na tangu utoto hukuwa na wimbo mwingine zaidi ya samaki, ukamjibu: "Shangazi, mimi nilipewa samaki watatu tu, nikawaua. Nani atanikabidhi bwawa?"

Leo ni Jumanne. Nimeacha kazi ya watu njiani, nimekaa mezani na daftari, na mkono huu uliozoea kukaza koki leo umeshika kalamu.

Pina, hukuwaua wewe. Niliwaua mimi. Nalisema mwanzoni kabisa ili hata ukiichana barua hii hapa, uwe umeshalisoma. Miaka mitano nimekuacha ubebe mzigo wangu, nami nikitembea mikono mitupu kama mtu mwema. Na sikuandikii wewe peke yako. Shangazi yako atakupa barua hii mkononi mwako, kisha nitaiweka kwenye kundi la ukoo, ambamo wamo karibu wote waliokuwa sebuleni kwetu siku ile. Nilikuaibisha mbele ya watu, basi siwezi kukuomba radhi chemba.

Nianze mbali kidogo, maana nataka ujue kwamba sijasahau kitu.

Ulikuwa na miaka kumi tulipokwenda Mtwara kwenye harusi ya binamu yako. Watu wazima tulikaa kwenye viti, wewe ukapotea. Tulikukuta umechuchumaa kwenye miamba, maji yamekupwa, mbele yako dimbwi dogo lisilozidi beseni, na humo mna visamaki vya bluu. Ulikuwa hapo tangu asubuhi. Mgongo wako uliungua jua ukawa unabanduka wiki nzima, mama yako akikupaka mafuta na kugomba, na wewe ulichokuwa ukiuliza ni kimoja tu: je, vile visamaki vinaweza kuishi Songea? Nilikujibu kwamba Songea wanaishi perege, tena kwenye sufuria. Ulininunia mpaka Tunduru.

Hukuacha. Ulipofika kidato cha pili nikapata tangi la kioo kwenye nyumba ya wageni moja iliyokuwa inafungwa, mwenyewe akaniambia nilichukue kabla hajalitupa. Nililibeba kwa bodaboda mpaka nyumbani Mfaranyaki, nimelikumbatia kama bibi harusi, watu wakinicheka njia nzima. Nakumbuka uso wako ulipofungua mlango. Nilisema tutaweka samaki wa kawaida, wa maji baridi. Ulisema, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma, kwamba ulichokiomba ni maji ya bahari.

Kesho yake nilirudi kutoka sokoni na mfuko wa chumvi ya mawe. Nilijiona nimekutendea jambo kubwa. Ulinipokea mfuko, ukanishukuru, ukampelekea mama yako jikoni, kisha ukanieleza taratibu kwamba chumvi ya chakula haijakamilika, kwamba kuna chumvi yake maalumu yenye madini yote ya bahari, na inaagizwa Dar es Salaam. Mama yako alipika na mfuko ule mwaka mzima. Kila ugeni ukija alikuwa anasema, karibuni mchuzi wa baharini.

Halafu likaja suala la filta. Hapo ndipo uongo wangu ulipoota mizizi, ingawa wakati ule sikuujua, kwa hiyo vumilia nilieleze lote.

Ilikuwa Jumamosi, tumekaa barazani, wewe na daftari lako kubwa lenye michoro, mimi na kichwa changu kigumu. Nilikuwa nimeshachagua kabla hujafungua mdomo. Nilitaka ile ya mtungi, inayokaa chini ya meza, imefungwa kila upande, ina mipira na koki na mabomba mawili, moja linavuta na moja linasukuma. Kwangu ile ilikuwa sawa na pampu za visima ninazozifunga kila siku. Nikasema hiyo ndiyo filta ya kiume, hizo nyingine vitu vya watoto.

Wewe ukaniuliza wiki ile umeme umekatika mara ngapi. Nikasema mara nne. Ukasema maji yaliyofungiwa ndani ya mtungi yakisimama yanaishiwa hewa, kila chenye uhai humo kinakufa na kuoza, na umeme ukirudi pampu inausukuma uozo wote kwa samaki. Nikajibu kwamba umeme ni tatizo la serikali, si la filta. Uliandika kitu kwenye daftari lako. Mpaka leo natamani kujua uliandika nini.

Nikahamia kwenye tangi la pili, lile la kuwekwa chini, maji yanateremka kwa bomba, yanachujwa, yanapandishwa tena. Hapo nilijua nimekushika, maana ni kazi yangu. Ukauliza umeme ukikatika, maji yaliyo juu yakateremka yote mpaka usawa wa tundu, huko chini nimeacha nafasi ya lita ngapi? Mimi, fundi bomba wa miaka yote hii, sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Nilinyanyuka nikaenda kukagua geti ambalo halikuwa na shida yoyote.

Niliporudi nikasema basi tuchukue ile ndogo ya sponji na hewa, tumalize maneno. Ukasema ile ni nzuri kwa vifaranga vya samaki, lakini uchafu wa samaki wa bahari unahitaji kutolewa kabla haujaoza, na sponji peke yake haitawahi. Ukafungua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa umeshachagua na wewe. Filta ya kuning'inia nyuma ya kioo, kubwa kuliko tangi linavyodai, yenye sponji na vipande vya kauri ndani yake, rahisi kufungua, na maji yake yanaanguka wazi yakivuta hewa. Pembeni yake mashine ndogo ya povu, inayokamata mafuta na takataka na kuzipandisha kwenye kikombe. Na mawe ya bahari, yale yenye matundu matundu, kilo kadhaa.

Niliuliza mawe ya nini, urembo? Ndipo ukasema maneno ambayo ningeyasikiliza, nisingekuwa hapa leo.

"Filta ni nyumba tu, baba. Wanaochuja ni wadudu wanaokaa humo. Na wengi wao wanakaa kwenye mawe."

Pina, maisha yangu yote nimelipwa kuwafukuza wadudu kwenye maji ya watu. Nasafisha matenki, naweka dawa, nawaambia akina mama wachemshe. Binti yangu ananiambia wadudu ndio wasafishaji. Nilicheka mpaka nikamwita mama yako aje asikie. Wewe hukucheka. Ulisema maji yanayong'aa yanaweza kuwa sumu, na yenye mawe ya kahawia yakawa salama. Nikakubali, lakini sikukubali kwa kuwa nimeelewa. Nilikubali kwa sababu ulikuwa umenishinda mara tatu na nilikuwa nimechoka kushindwa na mtoto wa miaka kumi na minne. Nilikupa ruhusa bila kukuamini. Hivyo ni vitu viwili tofauti na sikulijua hilo.

Vifaa vikaja, nikafunga, ukajaza maji, ukapima chumvi, kisha ukatuweka wiki tano na tangi lisilo na kitu. Majirani walikuja kuangalia mawe. Jirani mmoja akauliza kama tunafuga maji. Kila jioni ulidondosha matone yako ya kupimia sumu ya maji kwenye kichupa na kutazama rangi, kijani ikisogea kidogo kidogo kuelekea njano. Mimi nilikuwa nakusumbua tuagize samaki, unanijibu kwamba wadudu bado hawajahamia wote. Siku rangi ilipokuwa njano tupu ulikimbia mpaka kwenye saiti niliyokuwa nafanyia kazi, unahema, umeshika kichupa juu. Mafundi wenzangu walidhani umefaulu mtihani.

Samaki walifika na basi la Dar, wamo kwenye mifuko ya nailoni ndani ya boksi, Songea baridi inauma. Uliwafunga kwa sweta lako mwenyewe. Wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ukawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Yule mdogo wa bluu aliyekuwa anawafukuza wenzake ukamwita Mwenyekiti. Miezi minne waliishi, Pina. Miezi minne, Songea, kwa akili yako na filta uliyoichagua wewe. Nani mwingine mji huu alikuwa ameliweza hilo?

Sasa nafika ninapopaogopa.

Kipaimara chako kilikuwa Jumapili. Unaijua nyumba ya sherehe kwetu ilivyo. Tulipaka rangi kuta zote, tukaazima viti vya jumuiya, mapazia mapya, mama yako hakukaa chini siku tatu. Jumamosi jioni nilisimama katikati ya sebule nikatazama kama mgeni atakavyotazama. Kila kitu kilikuwa safi isipokuwa tangi. Mawe yalikuwa yamevaa ukoko wa kahawia na kijani. Nilifungua filta, sponji ilikuwa nyeusi na inanuka kama mtaro. Nikamwona kichwani mwangu msimamizi wako akiingia kesho yake na wanajumuiya nyuma yake, wakisema kwa macho, huyu ndiye fundi anayetusafishia maji. Wewe ulikuwa kanisani kwa mazoezi na kuungama. Nilikujua, ungekuwepo ungesimama mbele ya tangi lile na nisingeligusa.

Nikayatoa mawe yote. Niliyaweka kwenye beseni la kufulia, nikamwaga sabuni ya unga, nikayasugua kwa ile brashi ya suruali zangu za kazi. Niliyasuuza bombani, maji ya bomba yenye dawa. Sponji nikaifua mpaka ikawa kama mpya. Vipande vya kauri nikaviloweka kwenye sabuni hiyo hiyo. Wale wadudu wako uliowasubiri wiki tano niliwamwaga kwenye mtaro kwa robo saa, huku napiga mluzi. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Maji yalimetameta. Nikalifunika tangi na kitenge, kama ulivyokuwa ukilifunika kila jioni ili walale, nikaridhika na nafsi yangu.

Uliporudi nilikwambia nimewalaza mapema ili wewe upumzike. Ulisema, "Asante, baba."

Alfajiri ulipiga pasi gauni lako jeupe pale sebuleni, kwenye ile ekstensheni yenye swichi nyingi, ambayo pampu ya filta ilichomekwa humo humo. Hukuligusa tangi, ulikuwa na haraka. Ulipoingia kuoga nilifunua kitenge niwape chakula. Povu lilikuwa limejaa juu ya maji. Bwana na Bibi walikuwa wamelala ubavu kwenye mchanga. Mwenyekiti alikuwa juu kabisa, mdomo wazi, anatafuta hewa. Nikaona swichi ya pampu imezimwa. Nikajua ya kwamba kila atakayeiona atafikiri ni pasi. Nilikomba povu kwa kikombe nikalimwaga uani, nikarudisha kitenge, nikaenda kwa wachinjaji wa mbuzi.

Misa nzima sikusali. Askofu alipokupaka mafuta kwenye paji la uso nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba wasiombe kuonyeshwa samaki.

Waliomba. Msimamizi wako ndiye aliyesema, tuonyeshe basi hao samaki wako tunaowasikia. Sebule imejaa, sahani mikononi. Ulikwenda ukatabasamu, ukavuta kitenge. Watatu wote walikuwa wamekufa. Ulitazama maji, ukatazama filta, ukafuata waya kwa macho mpaka kwenye swichi. Ulisema kwa sauti ndogo kwamba labda ni wewe, labda uliibonyeza ulipokuwa unachomeka pasi. Hukuwa na uhakika. Uligeuka ukanitazama, na watu wote wakanitazama, kwa sababu mimi ndiye fundi na neno langu ndilo lingekuwa la mwisho.

Nilisema, "Kwani nani mwingine amepiga pasi hapa leo?"

Neno hilo nimelisikia kila siku kwa miaka mitano. Hukulia. Ulikwenda jikoni ukaleta kichujio cha chai, ukawatoa mmoja mmoja ukiwa umevaa gauni lako jeupe, mikono imelowa mpaka kwenye kiwiko, ukawafunga kwenye gazeti. Kisha ulinawa ukaanza kuwagawia wageni soda. Uliponifikia mimi uliinama kidogo, ukasema, "Samahani, baba."

Niliipokea soda. Niliipokea na samahani yako pia.

Baada ya hapo hukulitaja tangi tena. Nililibeba stoo nikaweka humo viungio vya mabomba na koki mbovu, na hukuuliza limekwenda wapi. Ulipofaulu kidato cha nne uliomba mwenyewe ukasomee Mbeya kwa shangazi yako. Kila likizo Restituta alikuwa ananihadithia mambo yako madogo madogo, kwamba hukubali kuachiwa vifaranga, kwamba mtoto wa jirani akiwekwa mapajani mwako unamrudisha upesi kwa mama yake. Alidhani ni aibu za usichana. Mimi nilijua ni nini, na niliendelea kula chakula changu.

Huyu mama wa Matogoro mwenye sinki amejenga nyumba ya wageni, na mwezi uliopita aliniambia anataka tangi la samaki wa bahari pale mapokezi, akaniuliza achukue filta gani. Nilifungua mdomo, ukasema wewe. Nilimwambia habari za mtungi na umeme, za tangi la chini na nafasi ya lita, nikamwambia aweke ya kuning'inia na mashine ya povu na mawe, asubiri wiki tano, na akiona mawe yamekuwa ya kahawia ashukuru Mungu, asithubutu kuyaosha. Na sponji akitaka kuikamua aikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Akashangaa. Aliniuliza nani amenifundisha. Nikasema binti yangu. Akasema basi nikuite uje umfungie. Nilimwambia uko mbali.

Kwa hiyo sikuombi uchague samaki. Nimekosa haki ya kukuomba chochote. Nakuomba uchague ukijua kilichotokea. Ulipewa samaki watatu na uliwafuga vizuri. Waliuawa na sabuni ya baba yako, na baba yako akakaa kimya.

Nisamehe, mwanangu.

Ni mimi baba yako.

*

Pina, nilikuwa nimemaliza hapo. Nikampa mama yako asome kwanza, maana sikutaka aione kwenye kundi kama mtu baki. Alikaa kwenye kochi akavaa miwani, akasoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilisimama. Alipomaliza alizikunja karatasi, akanirudishia bila kunitazama.

Akasema, "Hujaandika ya swichi."

Nilimwambia nimeandika, ipo, nimesema niliikuta imezimwa. Alivua miwani. Akasema asubuhi ile alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sinia la vitunguu. Sauti yangu ilinitoka ndogo, nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hajasema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi niseme, na kwamba katika hilo na yeye amekukosea, na atakuandikia yake mwenyewe. Kisha alikwenda chumbani akafunga mlango, na hajatoka mpaka sasa.

Unaona baba yako alivyo. Hata kwenye barua ya kukiri nilificha kipande. Nilijiambia kwamba sabuni inatosha, kwamba ukishajua ni sabuni, swichi haina kazi tena. Lakini sabuni ilikuwa ujinga. Swichi haikuwa ujinga.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilipofunua kitenge, pampu ilikuwa inafanya kazi. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye filta kama kawaida, na ndiyo yaliyokuwa yanalikuza lile povu. Pasi ulikuwa umeichomoa, waya wake umeuzungusha vizuri, umeiweka juu ya kabati ipoe. Swichi zote nyingine uliziacha kama ulivyozikuta. Nilisimama nikasikia maji ya bafuni, nikajua nina dakika chache. Nikawaza wageni, nikawaza jina langu. Niliinama nikabonyeza swichi ya pampu, nikaisikia ikinyamaza. Mwenyekiti alikuwa bado hai, Pina. Alikuwa anapumua kwa yale maji yaliyokuwa yanaanguka, nami nikayazima, ili ukija uikute swichi na usiitafute sabuni.

Sikukuacha tu ulaumiwe. Nilikutengenezea lawama kwa mkono wangu, siku uliyovaa gauni jeupe, wakati unaoga.

Sitaipitia tena barua hii, maana nikiipitia nitaanza kupunguza. Shangazi yako anasubiri picha za kurasa hizi kwenye simu azichapishe akupe, na ikishakufikia itakwenda kwenye kundi, pamoja na ukurasa huu. Watakaonipigia kunitukana nitawapokea. Wewe usinipigie mpaka utakapotaka mwenyewe, na kama hutaki kabisa, hilo pia nitalielewa.

Hukuzima kitu asubuhi ile. Ulichomoa pasi yako, ukaiacha pampu inatembea.

Aliyeizima,
Baba yako.